Miti Tisa Katika Shamba la Kuazima

Huku kwetu Yatenga, nchi ya Wamosi, aliyeazimwa shamba hapandi mti. Uwele unavunwa ukaisha, mti hubaki, na mwenye mti mwishowe hudai na ardhi. Hilo hata mtoto analijua. Lamusa alilijua pia, wala hakupanda.

Alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mumewe alikuja kutoka mbali, mzee Noaga, mwenye ardhi, akamwazima kipande cha changarawe, kisha mume akafa akamwachia mama wa watu shamba lisilo lake na wajukuu wawili. Kiangazi cha mwaka ule ng'ombe walilala pale wakaacha samadi yenye mbegu za zaanga. Mvua ilipokuja, miche ikachipua yenyewe.

Zaanga ni mti mkaidi. Masika, miti mingine ikivaa majani, yeye anapukutisha yake, uwele unapata jua. Kiangazi anavaa kijani, ng'ombe wanafuata kivuli na maganda yake, samadi inabaki hapo hapo. Bwana shamba alipita akamwambia Lamusa asiing'oe, afunge kitambaa kwenye kila mche ili plau isiukate. Kitambaa cha ziada hakuwa nacho. Akachana shati la marehemu.

Sisemi mti ule ni malaika. Mwiba wake ulimtoboa mjukuu mdogo kisigino, akachechemea mwezi mzima. Ndege walijaa humo, na uwele ukiiva Lamusa alishinda akipiga debe na mayowe kuwafukuza mpaka sauti ikamkauka. Lakini mwaka wa tisa uwele wa chini ya miti ile ulinipita kichwa, nami si mfupi.

Ndipo Noaga alipokuja kutazama. Vitambaa vilishaoza zamani, ila watu hawakulisahau shati lile. Alisema marehemu ameweka mpaka kwa nguo yake, na kwamba baada ya mavuno shamba lirudi kwa wenyewe.

Mimi ni Msamo, wa kabila la jirani, niliyeolewa hapa, na Wamosi ni watani wetu. Mtani akikuombea mtu msamaha, humrudishi mikono mitupu. Nikavaa kanga nzuri, nikaenda.

"Hujambo, mtumwa wangu?" nikamwambia Noaga.

"Ficheni mbwa," akawaambia wanawe, "mla vichwa vyao ameingia."

"Mbwa wenu amekonda kama bwana wake, hana cha kuliwa. Nimekuja kuomba, na kuninyima huwezi."

Kicheko kikamwishia. "Omba."

"Lamusa abaki na shamba."

Akang'ata kipande cha kokwa ya kola. "Atabaki. Ila miti aikate kwa mkono wake, watu wakiona. Nikiikata mimi, kesho wajukuu wake watasema tumewaibia."

"Hakuipanda, Noaga."

"Aliilea. Mwana ni wa aliyemlea."

Nilirudi nimenyoosha shingo, nikijiona nimeshinda. Lamusa alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umeniombea mfupa, dada," akasema. "Nyama wamebaki nayo. Sasa nifanyeje?"

"Kata," nikamwambia. "Shamba kwanza."

Alikata siku mbili. Watu walisimama kando, hakuna aliyemshikia shoka. Mwaka uliofuata uwele ulikuwa bado mzuri, nikasema moyoni kwamba nina akili. Wa pili ng'ombe hawakulala tena pale, kwa kivuli gani? Wa tatu alivuna vikapu vinne. Wa nne upepo ulifukia miche ya uwele kwa mchanga, akapanda upya mara tatu, na alichovuna hakikujaza chungu. Akaenda mwenyewe kurudisha shamba, akashukuru kama adabu inavyotaka.

Sasa yuko machimboni kwenye dhahabu, anaponda mawe pamoja na mjukuu mkubwa. Mdogo, nasikia, anakohoa vumbi. Aliyerudi kutoka huko mwezi uliopita aliniambia Lamusa hajaniulizia.

Visiki vya zaanga havifi kwa shoka moja. Vimechipua vyote tisa, na Hamidu, mwana wa Noaga, anavipogoa vizuri. Bwana shamba huwaleta watu waone kazi ya Hamidu. Noaga naye bado yu hai. Tukikutana sokoni tunaulizana habari za nyumbani, kisha kila mtu anashika njia yake. Ya mbwa na watumwa hatutaniani tena.