Kanzu Kumi na Mbili za Saizi ya Hope

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Rosebella Aluoch anakunja kitambaa cheupe juu ya meza yake Laini Saba, Kibera, hatua chache kutoka reli. Kabla ya kukata anafanya jambo ambalo mwaka jana hakulifanya: anasoma jina kwenye karatasi ya kukatia. Kisha anamwita jirani naye asome.

"Imeandikwa nini hapo, Njambi?"

"Imeandikwa 'Mama Rahab, kifua kipana,'" anajibu Njambi, muuza sukuma wiki wa kibanda cha pili. "Kata tu, Mama Osewe. Leo hutatuaibisha."

Wanacheka mpaka wapita njia wanageuka.

Rosebella, mjane wa miaka 52, ameshona sare za shule tangu 1974. Tepu anayo shingoni, lakini ni pambo tu, kama tai ya karani. Vipimo vyake halisi vinaning'inia msumarini: karatasi za mifuko ya simiti alizozikata kwa miili ya wanawe wanne, kila moja ina jina na darasa. Mteja akisema mwanawe yuko la tatu, Rosebella hushusha "Hope, la tatu." Gauni moja ni shilingi mia mbili, na hakuna aliyewahi kulirudisha.

"Hope nilimpima akiwa amesimama juu ya debe," anakumbuka. "Anacheza, pini inamdunga, analia, anacheka. Wenzake wako chini ya meza wanapigania penseli. Nilikuwa nawaambia, nyamazeni kidogo nisikie cherehani! Sasa naisikia vizuri sana."

Anatabasamu, halafu anatafuta uzi ambao haujapotea.

Wavulana walitangulia kuondoka: Osewe, wa kwanza, Mombasa; wengine Nakuru na Kisumu. Agosti 1996 Hope, kitinda mimba, akaolewa Gatina, kule Kawangware. Si mbali, lakini Rosebella aliona kama amevuka bahari. Aliendelea kusonga ugali wa watu watano.

"Mimi ndiye niliyeumalizia," Njambi anadakia. "Nilinona mwaka huo!"

Kufikia Novemba alikuwa ameamua kuuza cherehani na kurudi kwao Homa Bay. "Nilijiambia, waliokuwa kazi yangu wameenda. Nabaki kufanya nini?" Shiundu, fundi wa Lindi, mtaa jirani hapo Kibera, alikuwa ameshaijaribu pedeli na kuahidi kurudi na mkokoteni. Ilibaki kazi moja tu, aliyoletewa na Hope: kanzu kumi na mbili za kwaya ya akina mama wa kanisa lake. Kitambaa walikinunua kwa kuuza maandazi miezi minane.

Fundi wa sare hakati moja moja. Hupanga tabaka kumi na mbili, karatasi juu, mkasi unapita mara moja. Ukikosea, umekosea mara kumi na mbili.

"Mkono ulienda wenyewe kwa karatasi ya Hope," anasema. Alishona zote bila kuona, maana macho yalikuwa yameshafika Homa Bay. Alipopiga pasi ndipo alipojua kwamba zote ni saizi ya mtoto. Akazifunga kwenye gunia, akatembea hadi Gatina kuungama, akiwa tayari kuwalipa kwa cherehani yenyewe.

Rahab, kiongozi wa kwaya na mwanamke mwenye mwili wake, alijipimia kanzu moja kifuani.

"Mama Osewe, hii ni kanzu ama ni kitambaa cha kichwa?"

Kanisa likaangua kicheko. Rosebella akaangua kilio. Watoto wa shule ya Jumapili, waliokuwa nje, wakaingia kuona kuna nini. Msichana mmoja, Valerie, akavaa kanzu bila kuuliza. Ikamkaa sawasawa. Mwenzake akavaa. Na mwingine, mpaka gunia likaisha.

Rahab akaketi kando ya Rosebella, akamshika mkono. "Sisi tutaimba na magauni yetu ya zamani. Lakini hawa hawana wa kuwafundisha. Wewe unajua kuimba?"

"Mathe?" Hope akamjibia mama yake kwa sauti. "Huyo alikuwa anatuimbisha na pedeli ya cherehani! Ukikosea, anasimamisha mashine!"

Shiundu alirudi Lindi na mkokoteni mtupu.

"Nilikuwa naomba Mungu anionyeshe njia ya nyumbani," anasema Rosebella. "Akanionyesha watoto. Nikamwambia, Baba, nimeelewa, lakini si ungeniambia kabla sijaharibu kitambaa cha watu?"

Sasa kila Jumamosi mchana anaenda Gatina kuwafundisha watoto thelathini na mmoja kuimba. Kitambaa cha leo amekinunua mwenyewe, kidogo kidogo, ili akina mama nao wapate zao.

"Na ugali wote unabebwa huko," Njambi analalamika. "Nimekonda!"

Akimaliza za akina mama, ana kazi nyingine kabla ya Pasaka. Zile kanzu ndogo zina pindo la vidole vinne, mazoea ya mshona sare, na Valerie ameshaanza kuonyesha magoti.

"Nitafumua, nishushe," anasema akiokota mkasi. "Mwaka ujao tena. Wakikua kabisa watavua na kuondoka, najua. Kanzu zitabaki. Nitaita wengine."

Anasoma karatasi mara ya tatu, kisha anakata.