Vidonge vya Nyumba Mbili

Mimi huandika polepole. Nilimaliza darasa la nane nikaenda kuchunga, na barua moja inaweza kunichukua jioni nzima. Lakini nyumbani kwetu, upande wa Mashuuru, hakukuwa na mwingine anayejua kuandika, kwa hiyo mama alipoingizwa kwenye utafiti, daftari nilipewa mimi.

Daktari mwenye utafiti alikuwa na ofisi Kitengela, juu ya duka la dawa za mifugo. Alitaka kujua kwa nini watu wa huku, waliolelewa kwa maziwa na nyama, siku hizi wanapata sukari na ugonjwa wa moyo, na mafuta yanafanya nini ndani ya damu. Mama alikuwa na sukari. Alipewa chupa ya vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na kila mwezi tulitakiwa kurudi atolewe damu. Kazi yangu ilikuwa kuandika alichokula na vidonge alivyomeza.

"Andika ukweli tu," daktari aliniambia.

Niliangalia viatu vyangu, kwa maana ndivyo nilivyo mbele ya watu. Lakini nilimtii, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Baba ana wake wawili. Wa pili mimi humwita mama mdogo. Kwetu kitu kikiingia bomani kinapita nyumba zote mbili: unga, sabuni, mguu wa mbuzi. Hakuna anayekaa akaamua, ni hivyo tu. Mama mdogo pia ana sukari, na zahanati ilikuwa imekaa muda mrefu bila dawa. Basi kidonge cha asubuhi kikawa cha mama, cha jioni kikavuka uwanja. Nami kila siku, kwa herufi kubwa, niliandika: Mama kimoja. Mama mdogo kimoja.

Mwezi ulipoisha tulirudi Kitengela. Msaidizi wa daktari, kijana wa rika langu mwenye beji shingoni, alihesabu vidonge vilivyobaki akaridhika. Kisha akafungua daftari. Akasoma, akamwita mwenzake aje asome.

"Huyu mama amefungua hospitali yake huko," alisema, wakacheka.

Mama hafuati Kiswahili cha haraka. Alipoona wanacheka, naye akacheka nao. Kwa kile kicheko cha mama sijamsamehe yule kijana.

Daktari mwenyewe hakucheka. Alieleza kwamba dawa ya mtu mmoja inaweza kumdhuru mwingine ambaye hajapimwa, na hapo alisema kweli, sikatai. Nilimtafsiria mama kwa Kimaasai.

"Mwulize," mama akaniambia, "yeye angemezaje viwili, mwenzake akimtazama?"

Nilipofikisha swali hilo, daktari aligeuza kurasa za daftari. Akasema kwamba katika madaftari yote aliyopokea, hilo ndilo analoliamini zaidi. Wengine huleta chupa tupu na alama kila siku, lakini damu yao haionyeshi dawa yoyote. Kisha, kwa sauti ileile, akasema mama atatolewa kwenye utafiti, kwa sababu hakufuata maagizo na sisi wenyewe tumeandika.

Nilisubiri aseme kwamba na wale wa chupa tupu watatolewa. Hakusema.

Nikauliza, na sijui sauti ilitoka wapi: "Daktari, ningeandika viwili kila siku, mama angebaki?"

Alilifunga daftari.

"Angebaki," alisema.

Angalau huyo hakunidanganya. Alituandikia barua ya kupeleka hospitali ya Kajiado, akaongeza jina la mama mdogo, akatuambia twende mapema.

Wiki iliyofuata niliwapeleka wote wawili. Walikaa kwenye benchi moja, wakigawana kitenge kwa sababu ya baridi. Nilipofika dirishani, karani aliuliza mama amekuwa akimeza vidonge vingapi kwa siku. Nyuma yangu watu walikuwa wananihimiza. Nilijua sasa jibu gani humfanya mtu abaki na dawa, na nilikasirika kwamba nalijua.

"Kimoja," nilisema. Karani hakusikia, akaniambia niongeze sauti.

Nikaongeza, mpaka benchi lote likageuka kunitazama. "Kimoja. Kingine alimpa mwenzake. Yule pale, na yeye mpime."