Karani wa Majani na Sehemu ya Tatu

Hebu mwone akija, mizani begani, uso umekunjamana: karani wa kituo tunakouzia majani chai hapa Sosiot. Kila Jumatatu hutusimulia filamu ya mfululizo ya Jumapili, ile ya watu wanaoishi kwenye chombo angani, maana wengi wetu hatuna televisheni. Akisimulia, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa chai vinapekua vikapu. Majani mawili na chipukizi, anapitisha. Jani gumu, analitupa nyuma bila kuangalia.

Jumatatu hiyo alitupa kwa hasira. "Sehemu ya tatu kati ya tano, na hakuna kitu! Nahodha anaongea tu. Mtoto wake ameachwa kule nyotani, hata hamtafuti. Wanatuchezea hawa!"

"Lakini karani," akasema Tecla, kikapu chake kikiwa mezani, "si alirudi kumchukua, pale mwisho? Niliona kwa jirani, kwa kina Mbuthia. Nililia."

"Mwisho gani?"

"Ai! Ama betri ya TV yako iliisha moto katikati?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani hakucheka. Vidole vikazama kikapuni, vikatafuta mpaka chini kabisa, vikatoka na jani gumu. Moja.

"Mama, rudisha hii takataka nyumbani."

Kikapu kizima, kazi ya siku nzima, na majani yakilala hayanunuliwi tena. Kicheko kikakatika. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya Tecla, kikapu changu kinangoja vidole vilevile, na damu inanichemka mpaka leo kwamba nilinyamaza. Wewe ungesema nini?