Mahindi Juu ya Meko

Jirani wa Abby kule Sagalla ana vidole vya buluu visivyotakata hata kwa sabuni ya kipande. Hupaka dawa yake ya kutengenezea picha kwa jua kwenye gunia, kibuyu, hata karatasi anayoitengeneza kwa mavi ya ndovu, akaweka jani juu na kuliachia jua kazi. Palipofunikwa hubaki peupe. Kwingine hugeuka buluu. Juzi ndovu waliingia shambani mwake wakayamaliza mahindi. Abby alipokwenda kumpa pole, alimkuta amelaza jani la bua pekee lililosalia juu ya ile karatasi ya mavi yao.

“Mama, hata leo?” Abby alimuuliza.

“Sogea kidogo, unanizibia jua.”

Aliisuuza picha kwa maji yaliyobaki ndooni, akaitundika juu ya meko, pale ambapo kila mwaka huning'iniza mahindi ya mbegu.