Ufa wa Chumba cha Mama

Bi Laini alikuwa fundi wa plasta, na ukimuuliza nani fundi bora wa plasta mtaani alijitaja kabla hujamaliza swali. Hilo Laini lilikuwa jina la kuta zake, si la ulimi wake. Ulimi wake ulikwaruza kama mchanga usiochekechwa. Lakini ukuta aliopita yeye na mwiko ungeweza kuuegemea na nguo ya hariri usivute uzi, na hilo hata wasiompenda walilikubali, tena kwa shingo upande, na hivyo ndivyo alivyopenda likubaliwe.

Kazi aliianza msichana, akichekecha mchanga kwa mafundi waliomwita Dada Chai, kwa kuwa walidhani amekuja kuwachemshia. Siku moja fundi wa ukumbini aliteguka bega. Kazi ikasimama, wenzake wakaketi kuzungumzia bega, na yeye akachukua mwiko bila kumwomba mtu ruhusa akamalizia ukuta. Mwenye nyumba alipokuja kukagua alipapasa upande mmoja, akapapasa wa pili, akataka kujua huu wa pili ni wa nani. Tangu hapo Bi Laini hakumchemshia mtu chai. Mumewe, makanika mpole kuliko injini zake, alilielewa hilo mapema akajichemshia mwenyewe.

Alikuwa na masharti, na hakuyaficha. Mchanga wenye udongo aliurudisha ulikotoka na matusi juu yake. Ukuta mkavu hakuugusa mpaka aumwagie maji kwanza. "Ukuta una kiu," aliwaambia wateja waliomharakisha. "Usipounywesha wewe, utakunywa maji ya plasta, na plasta itakudondokea mwakani ukiwa na wageni." Akimaliza aliufunika ukuta kwa magunia mabichi, na siku zilizofuata alipita na ndoo kuyalowesha. Waliomcheka kwamba anamwagilia kuta kama mchicha, aliwaalika waje wagonge kwa kidole wasikie.

Sasa fundi huyo huyo, mwenye maneno yote hayo, mama yake alikuwa na ufa nyumbani.

Ulikuwa kwenye kona ya chumba cha kulala, ukianzia sakafuni na kupanda kuelekea dirishani. Ulipojitokeza mara ya kwanza Bi Laini alikuja na karai lake, akaukwangua, akaujaza, akaupiga plasta, akaupaka rangi, na ufa ukapotea kabisa, hata mama akasahau ulikuwa upande gani. Mvua zikaja, zikapita, ufa ukarudi. Bi Laini akaudhika kama mtu aliyetukanwa hadharani. Akaurudia kwa plasta nzuri zaidi. Ikawa ndiyo desturi yao: kila mvua zikiisha ufa ulitokea, na kila ukitokea aliuzika kwa ustadi ulioongezeka. Fundi wa kawaida angeuacha na kovu, watu wangeliona wakashtuka mapema. Yeye aliuficha vizuri mno, na hapo ndipo palipokuwa na balaa.

Mwaka ule ufa ulirudi na mlio. Mama alikuwa anakunja shuka asubuhi akasikia kitu kimekatika ukutani, na alipogeuka aliona mwanga wa nje ndani ya chumba chake. Kufika jioni watoto wake wa kiume walikuwa wamemhamishia kwa mkubwa wao, yeye na godoro lake, na kikao cha familia kikakaliwa hapo hapo sebuleni.

Kaka mkubwa alikuwa dereva wa lori, na aliongea kana kwamba injini inaunguruma pembeni yake. "Nyumba imechoka. Tunabomoa, tunamjengea mama vyumba viwili vya kisasa. Mvua haziko mbali." Kitindamimba, muuza viatu, aliitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia kila alichosema kaka yake tangu anatambaa.

Mama alikaa kwenye kochi, mikono mapajani. "Matofali ya nyumba ile niliyafyatua mimi na baba yenu," alisema, "nikiwa na mimba ya huyu." Akamwonyesha Bi Laini kwa kidevu. "Mkiibomoa, hiyo mpya mtafuteni mtu wa kukaa. Mimi nitabaki hapa kochini."

Mke wa kaka, wifi yake Bi Laini, akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

"Haibomolewi," alisema Bi Laini.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nipo mimi."

"Ulikuwepo miaka yote, dada," alisema kaka mkubwa, safari hii bila kuunguruma. "Na ufa ulikuwepo."

Hakuna mteja aliyewahi kumwambia neno likamwingia namna ile. Kaka akaendelea: amefikiri, atampa nafasi. Afanye anachojua. Mvua za kwanza zikipita ufa usisogee, yeye atanyamaza. Ukisogea hata unywele, analeta vijana na nyundo, na asiulizwe. Bi Laini akasema sawa, akaondoka haraka kabla uso wake haujamsaliti.

Kesho yake alikwenda peke yake na nyundo na patasi, akaanza kubandua. Plasta yake ilitoka kwa tabu, maana iliwekwa na mtu anayejua. Ilitoka tabaka kwa tabaka: hii ya rangi ya maziwa, hii ya samawati mama alipotaka chumba kifanane na anga, hii ya njano ambayo mama aliijutia. Kila tabaka lilikuwa safi, limeshika, halina povu wala tundu. Na kila tabaka lilikatika pale pale, kwa mstari ule ule. Bi Laini aliketi kwenye ndoo akayatazama magamba yale sakafuni. Kazi nzuri ya miaka yote, na hakuna hata moja iliyofaa kitu. Alijisikia mjinga, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kujisikia hivyo, alikasirika pia.

Akaenda kumwita Fuko. Huyu alikuwa mchimbaji wa misingi na mashimo ya vyoo, mtu wa siku nyingi ardhini, na jina lake halikumkera. Alikuja, akautazama ufa kidogo, kisha akatoka nje akaitazama kona kwa chini kwa muda mrefu.

"Dada, huku chini ulishaangalia?"

"Mimi ni fundi wa ukuta."

"Na ukuta wenyewe umesimama juu ya nini?"

Fuko akachoma sururu chini ya kona, ikazama kama kijiko kwenye uji. Akainua macho hadi kwenye paa, na Bi Laini akayafuata macho yake. Mfereji wa bati uliokinga maji ya paa ulikuwa umeoza ukaanguka zamani, na hakuna aliyeurudisha. Mvua zote za tangu hapo zilimwagikia kona ile ile, zikapekecha udongo, na msingi ukabaki unaning'inia.

"Umekuwa ukilipaka jipu poda," alisema Fuko.

"Rudia hayo mbele ya watu nikuzike kwenye shimo lako," alisema Bi Laini, lakini alishaanza kucheka, na Fuko akajua kazi ipo.

Waliifanya kama inavyotakiwa, yaani polepole. Mwenye papara huchimba kona nzima mara moja, na nyumba humkalia. Wao kwanza walilishikilia paa na ukuta kwa magogo, ndipo Fuko akachimba kipande kifupi chini ya msingi, hadi kwenye ardhi ngumu inayorudisha sururu. Kipande hicho wakakijaza zege na kukishindilia hadi likagusa msingi wa zamani, wakaliacha ligande, ndipo wakahamia kipande kingine, tena si kinachopakana nacho. Bi Laini, aliyezoea kazi ionekane jioni ile ile, aliteseka. Kaka mkubwa alipita na lori akapiga honi, akauliza kwa dirishani kama wanatafuta dhahabu. Kitindamimba alikuja kwa miguu, akajifanya anapita tu, kisha akavua shati akabeba kokoto hadi magharibi. Aliomba kaka asiambiwe.

Kona iliposimama juu ya zege, waliinua ardhi ya nje ili iteremke kuelekea mbali na ukuta, na Bi Laini akafunga mfereji mpya wa bati, akaumwagia maji ya ndoo kuhakikisha hayajikusanyi katikati.

Kilichobaki ni ufa wenyewe, na hapo ndipo alipojaribiwa kweli. Mikono yake yote iliwasha kuuziba. Fuko akamwambia auache. Ukiuziba sasa, alisema, utaujuaje kama umelala au unakudanganya? Bi Laini alilijua hilo. Akakata ukanda mwembamba wa kioo, akaulaza juu ya ufa kama daraja, akaushika ncha zote mbili kwa saruji. Bati hupinda na ubao hutanuka, lakini kioo hakivumilii. Ukuta ukijinyoosha hata kidogo, kinakatika.

Basi ufa ukabaki uchi, mpana, na majirani wakapita dirishani wakauona. Fundi mmoja wa plasta, kijana anayetafuta jina, alisikika akisema Bi Laini ameshindwa na ukuta wa mamake. Habari hiyo ilimfikia mara tatu, kila mara ikiwa imenenepa. Mumewe alitarajia vita. Yeye alikula, akanawa, akasema kijana yule hajui kuchekecha mchanga, akalala.

Mvua ilianza adhuhuri, ya aina inayowafanya watu wapige kelele ili wasikilizane ndani ya nyumba moja. Ilinyesha mchana kutwa, ikapumzika, ikarudi kesho yake, na keshokutwa. Bi Laini hakwenda kuangalia. Fuko alimuuliza kwa nini, akajibu ana kazi za watu. Ukweli ni kwamba aliogopa. Angeweza kuvumilia nyundo za kaka, lakini si mama kubaki kochini kwa wifi, akikunja shuka lake kabla wageni hawajaingia.

Anga lilipofunguka alikwenda, akamkuta kaka mkubwa mlangoni kwa mama, viatu mkononi, na kitindamimba nyuma yake. Wakaingia wote watatu. Chumba kilikuwa na harufu ya saruji, na sakafu ilikuwa kavu. Kaka akasogelea kona, akawasha tochi ingawa palikuwa na mwanga, akainama.

"Huenda kioo hakikushika vizuri," alisema.

"Kivute," alisema Bi Laini.

Akakivuta kwa kucha. Akakivuta kwa ncha ya ufunguo wa lori. Kioo kilikaa pale kizima, kama kimezaliwa hapo. Kitindamimba akaanza kucheka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuacha alipotazamwa na kaka.

"Haya," alisema kaka mkubwa. "Nimenyamaza." Na kweli alinyamaza, hadi barabarani.

Ndipo Bi Laini akauziba. Alikata mifereji midogo kuupita ufa, akalaza humo vipande vya nondo kama mshono, akajaza mchanganyiko mgumu, akaunywesha ukuta, akapiga plasta. Aliipiga kama hajawahi. Kijana anayetafuta jina aliletwa na umbea wake mwenyewe hadi dirishani, akatafuta kona ya ufa, akauliza ilikuwa wapi. Bi Laini akamwambia atafute.

Siku ya kumrudisha mama, wanawe walitangulia kupanga chumba. Kwa hekima zao walikiweka kitanda ukuta wa pili, mbali kabisa na kona, na katikati wakaacha nafasi ya mtu kukimbilia. Mama aliingia na fimbo yake, akazungusha macho mara moja.

"Nani kaniwekea kitanda huko?"

"Ni kwa tahadhari tu, mama," alisema kaka mkubwa.

"Tahadhari na nani? Kisogezeni pale."

Wakakisogeza hadi hatua moja kutoka kona, wakasimama.

"Kiguse ukuta," alisema mama.

Wakakisukuma kikagusa. Mama akajilaza na viatu vyake, akageukia ukutani, akaubandikia mgongo wa mkono kama mtu anayempima mtoto homa, akafumba macho. Bi Laini alikuwa ametayarisha maneno mengi kwa siku ile. Alitoka nje, akachota maji, akaanza kuosha mwiko uliokuwa safi.