Siku Waziri Mkuu wa Japani Alipojiuzulu

Jana, nje ya duka moja pale Kibiti, niliona betri za redio zimeanikwa juani juu ya bati. Harufu yake ya chuma cha moto ikanikumbusha baba na redio yake.

Tulikuwa tukiishi Salale, huko deltani. Baba alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na tumbo lilikuwa likimsumbua tangu masika. Mama alimsihi aende hospitali, naye akakataa.

"Nikitoka hapa watasema nimeshindwa kazi."

Jioni moja redio ilieleza maisha ya waziri mkuu wa Japani, alivyoanzia ubunge, akapanda taratibu mpaka akakabidhiwa nchi. Sasa alikuwa anajiuzulu kwa sababu ya maradhi, na alikuwa amewainamia wananchi kuwaomba radhi. Baba aliisogeza redio sikioni. Mimi nilikuwa namenya kambamiti, vidole vimejaa maganda, sikuthubutu kuinua uso.

"Mwenzangu kaachia nchi nzima," baba alisema baadaye. "Mimi nang'ang'ania kijiji."

"Basi twende, baba watoto," mama alisema.

Asubuhi maji yalipojaa tulimpandisha kwenye boti. Hospitali walimkuta na kidonda cha tumbo. Daktari alisema angechelewa kidogo kingetoboka.

Alirudi amekonda, uenyekiti ameshapewa mwingine. Mama alimpakulia wali wa nazi, akakaa pembeni akimtazama. Baba alikula mpaka akakomba sahani kwa kidole, kisha akaomba aongezewe. Mama akacheka huku machozi yakimtoka, na mimi nikakimbilia sufuria.