Dada Spesioza Anataka Kutubu Dhambi Niliyoitenda Mimi

Admin, naomba unifichie jina. Majina ya wenzangu nimeyabadilisha, na safari hii nimebadilisha na mengine ili mtu asitambulike. Mimi ni Muha wa Kasulu, nina miaka 39, mke wa mchungaji na mama wa watoto watatu. Huu ni mwaka wa sita tunaishi Burundi, si mbali ukishavuka mpaka kutoka Mabamba. Kanisa letu la nyumbani ndilo lililotutuma huku kama wamisionari. Mume wangu anahubiri, mimi nafundisha darasa la akina mama: Biblia, kusoma na kuandika, malezi. Lugha haikunisumbua, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Akina mama walinipokea, wakaniita Mwalimu, wakaniamini. Kuniamini ndiko kulikowaponza.

Kati yao yupo nitakayemwita Konsolata, fundi cherehani, mama wa mapacha. Siku moja baada ya darasa alibaki jikoni kwangu tukichambua maharage, pamoja na Dada Spesioza, mjane anayenisaidia kufundisha. Konsolata akaanza kulia. Akatueleza kwamba alipokuwa mkimbizi kambi ya Mtendeli, upande wetu wa mpaka, aliletewa habari kuwa mumewe aliyebaki Burundi amekufa. Baadaye akaishi na mwanamume mwingine pale kambini, akazaa mtoto wa kike. Mtoto alikufa kwa malaria hata hajaanza kutembea, na yule mwanamume akaenda zake. Aliporudi Burundi akamkuta mumewe mzima, anamngoja. Hakuwahi kumwambia, hata walipowapata hawa mapacha.

"Nilimzika mwanangu nikamwacha kule, Mwalimu," alisema. "Hakuna mtu hata mmoja huku anayelijua jina lake."

Tulimkumbatia, tukaomba. Nikamwahidi mbele za Mungu kwamba neno lile halitatoka jikoni.

Mwaka jana tulikwenda likizo Kasulu. Jumapili moja mume wangu alialikwa kuhubiri Kibondo, kwa hiyo niliombwa mimi nieleze kazi inavyokwenda. Nikaanza na habari za masomo, nikaona watu wanapiga miayo. Basi nikasimulia ya Konsolata. Jina sikutaja, lakini nilitaja Mtendeli, nikataja mapacha, cherehani, na kile kitoto kilichozikwa kambini. Kanisa zima lililia. Ndugu zangu, nitasema ukweli: nilifurahi. Wazee walinishika mkono wakisema, "Mama, Mungu anakutumia," nami nikatembea kifua mbele kama mtumishi kweli kweli.

Sikuwaza kwamba kati ya waliolia wamo waliowahi kukaa Mtendeli na wana ndugu ng'ambo. Habari ilivuka mpaka na wafanyabiashara wa soko la Mabamba. Ilipofika huku, aliyeisema alishasahaulika, kilichobaki ni Konsolata tu. Hatukumaliza mwezi tangu turudi, mumewe akamfukuza. Mapacha akawazuia. Sasa mwenzangu yuko kwa kaka yake, darasani haji, na salamu zangu hazijibu.

Wazee wa kanisa wakaanza kumtafuta aliyetoa siri. Konsolata alisema waliojua ni wawili, mimi na Spesioza. Nani angemshuku mke wa mchungaji? Wakamwita Spesioza. Nilikuwepo, nimekaa kando ya mume wangu. Yule mama aliapa, akalia, akanigeukia: "Mwalimu, wewe unanijua. Waambie!" Nikainamisha kichwa kama mtu anayeomba. Wakamwondoa kwenye kufundisha, wakamzuia meza ya Bwana.

Jioni ile binti yangu mkubwa, ana miaka kumi na minne, alinifuata nikiwa nasonga ugali. "Mama, si wewe uliyesema kule Kasulu? Mimi nilikuwepo." Nikamfokea kwamba hayo ni mambo ya wakubwa. Tangu siku hiyo nikiomba mezani, wenzake wanafumba macho, yeye hafumbi. Ananitazama tu.

Nikashindwa, nikamweleza mume wangu. "Ungeniambia kabla sijamhukumu yule mama," alisema. Nikamuuliza tufanyeje. "Tukisema sasa, nani atatusikiliza tena? Watasema Watanzania wamekuja kutuvunjia nyumba. Yaache, Mama Neema. Mungu ameshakusamehe." Ni mtu mwema, sijawahi kumsikia akisema uongo. Sasa anausema kwa ajili yangu.

Spesioza hana kinyongo na mimi, na hilo ndilo linaloniua. Wiki hii alikuja na viazi vitamu, akakaa, akasema, "Mwalimu, nimechoka kutengwa. Jumapili nitasimama mbele ya kanisa nitubu ili wanirudishe. Mungu anajua sikusema, lakini nitakubali kwamba nilisema." Kisha akapiga magoti akaomba nimwombee apate nguvu. Nikamwekea mikono kichwani nikamwombea. Nilimwombea vizuri, sikukwama hata neno moja, akainuka ananishukuru.

Zimebaki siku nne. Nikisimama mimi, namwaibisha mume wangu mbele ya watu aliowalea kiimani, na pengine tutarudishwa Kasulu kwa fedheha. Tena habari za Konsolata zitatajwa kanisani mara nyingine, na yeye ameshaumia vya kutosha. Wakati mwingine naona hizo ni sababu, wakati mwingine naona ni visingizio vya mwoga. Ninachojua ni kwamba Jumapili mwanamke asiye na kosa atalia mbele ya watu wote kwa kosa langu, na mimi nitakuwa nimekaa kiti cha mbele, binti yangu ubavuni.

Nitukaneni mkitaka, nastahili, lakini msiniache bila neno. Nianze kwenda kwa nani kati ya Konsolata, Spesioza na wazee? Na nikifika mlangoni kwake, nafungua vipi mdomo?